Skana ya miguu inarudia vizuri, lakini inarudia nini?

Kwa fundi wa Goma anayetengeneza viungo bandia na vifaa vya kushikilia mguu, kipimo cha mguu bado kinaanza na bendeji ya plasta na ndoo ya maji. Sasa wapo wanaouliza: kwa nini tusinunue skana ya 3D, mguu ukaingia kwenye kompyuta bila kuchafua sakafu?

Kwenye unyayo, hoja yao ni nzito. Urefu, upana wa mbele, mzingo: apime huyu, apime yule, majibu hukaribiana sana. Tena faili hubaki. Kinyago cha plasta, yaani umbo la mguu linalomiminwa ndani ya bendeji iliyokauka, kikishapitiwa na tupa, umbo la mwanzo limekwenda na vumbi, na hakuna atakayejua nani alikosea. Wanaoitetea plasta (nami nimo) mara chache huihoji kwa ukali huohuo.

Kifundoni ndipo mambo yanapokuwa magumu. Skana huona ngozi, haioni mfupa. Mguu ukivimba, ule mfupa unaochomoza pembeni huzama, na kila mpimaji huweka nukta yake pake. Afadhali kidole kiutafute kwanza, kalamu iweke alama, ndipo mwanga wa skana upite.

Kisha kuna mkao. Mtu akisimama, upinde wa unyayo hushuka, mguu hurefuka na kutanuka; akiketi mguu ukining'inia, ni umbo lingine. Na mtoto ambaye neva imeumia, vidole vinaelekea chini? Kwenye plasta, fundi humshika kisigino, akakinyoosha, akangoja ikauke. Kwenye skana, mikono hiyohiyo inaziba ngozi inayotakiwa kuonekana. Ukiiondoa, mashine itanakili mkao ule mbaya wa kifundo kwa uaminifu kabisa, hata mara kumi, na mara zote kumi zitalingana.

Umeme na bei siviongelei sana; mashine ya kuchonga au kuchapa ndiyo husahauliwa, maana faili haivaliwi.

Kwa soli za ndani na kufuatilia mguu wa mtoto unaokua, mimi ningeinunua. Kwa kifundo kinachohitaji kunyooshwa, bado ningeloweka plasta. Na muuzaji akija na majedwali ya kuonyesha kwamba skana inategemeka, aulizwe kama kati ya kipimo na kipimo mgonjwa aliinuka, alama zikafutwa, fundi mwingine akaanza upya. Kupima faili moja mara mbili kunaonyesha tu kwamba programu inajua kuhesabu.