Tamasha la Maboga Lipite, Mkutano na Mwalimu Usipite

Ikifika Oktoba hapa Des Moines, jimbo la Iowa, begi la mtoto wa shule ya msingi linarudi nyumbani limejaa karatasi za rangi. Ya njano ni ya siku ya picha. Ya waridi ni ya maonyesho ya vitabu. Ya machungwa, yenye boga linalocheka, inakaribisha familia kwenye tamasha la majira ya majani kupukutika. Kuna ya kuuza chokoleti, ya wiki ya kupinga dawa za kulevya, ya kutafuta wazazi wa kujitolea, ya kukumbusha koti. Katikati yake imejificha moja nyeupe, haina picha, herufi zake ndogo. Hiyo ndiyo ningependa kila mzazi wa Kiswahili aibandike kwenye friji. Ina tarehe na saa ya kukutana na mwalimu.

Najua kuna walimu wakuu ambao hawatafurahia ninayoyasema. Shule za Marekani zinapenda kuona familia zimejaa ukumbini, na wakikuambia mlango uko wazi wanamaanisha. Lakini mzazi wa shifti ya pili kwenye kiwanda cha nyama anaingia kazini saa tisa alasiri na kutoka usiku wa manane. Tamasha linaanza saa kumi na moja jioni. Kuomba ruhusa kuna gharama yake: viwanda vingi vinahesabu pointi kwa kila kuchelewa na kila kukosa, na pointi zikijaa kazi imekwenda. Mtu wa namna hiyo ana ruhusa chache sana kwa mwaka mzima, na mimi nasema azitumie kwa mwalimu. Boga watoto watalichora bila yeye.

Kwanza tuondoe hofu ya pesa, maana ndiyo inayofanya watu wengine wazikimbie karatasi zote kwa pamoja. Wengi wetu tumetoka mahali ambapo karatasi ya shule ilimaanisha deni. Kongo, mpaka Septemba 2019 serikali ilipoanza kutekeleza elimu ya msingi bure, wazazi ndio walikuwa wakichanga sehemu ya malipo ya walimu, ile waliyoiita prime, na mtoto asiyelipiwa alirudishwa nyumbani. Tanzania tulikuwa na michango ya madawati, ya mlinzi, ya mitihani, hadi ada na michango ya lazima ilipofutwa kuanzia Januari 2016. Kwa hiyo mama aliyekulia Uvira akipokea bahasha ya picha yenye bei za dola, haoni tangazo la biashara. Anaona hati ya madai. Nimekutana na jirani aliyetenga pesa ya picha wakati bili ya umeme inasubiri, akiamini kabisa kwamba mtoto atatolewa darasani.

Hatatolewa. Picha ni biashara ya mpiga picha, na mtoto kwa kawaida hupigwa hata usiponunua, kwa kumbukumbu za shule. Vitabu vya maonyesho ni biashara pia, ingawa shule hupata fungu lake. Chokoleti ni harambee, na harambee ni hiari. Fomu ya pesa inayofaa kujazwa haraka ni ile ya chakula cha mchana cha bure au cha bei nafuu, kwa sababu hiyo inakupunguzia wewe mzigo.

Sasa mkutano wenyewe. Ni mfupi mno: shule nyingi hutoa dakika kumi na tano, mahali pengine ishirini, kati ya Oktoba na wiki zinazotangulia sikukuu ya Thanksgiving, ambayo ni Alhamisi ya nne ya Novemba. Iowa sheria hairuhusu shule kufungua kabla ya Agosti 23, kwa hiyo ikifika siku hiyo mwalimu amekaa na mtoto miezi miwili hivi au zaidi kidogo. Amekwisha mjua, na bado kuna muda wa kurekebisha mambo kabla ya likizo ya kiangazi.

Na hapa kuna tofauti ya adabu inayowaponza wazazi wetu. Kule Kigoma nilikosoma mimi, mzazi akiitwa shuleni alijua kuna jambo, na mwalimu alianza na kosa, salamu zikafuata. Mwalimu wa Marekani anaanza na sifa. Atakuambia mtoto wako ana moyo mzuri, anasaidia wenzake, anachangamsha darasa. Mzazi anasikia hayo, anashukuru, anakusanya koti lake. Kumbe habari yenyewe ilikuwa inakuja dakika ya tisa, imezungushiwa maneno laini kuhusu kuendelea kukuza uwezo wake wa kusoma. Mwalimu wangu wa zamani angesema tu: huyu hajui kusoma. Wa hapa hadanganyi. Ndivyo walivyofundishwa kuongea na mzazi, na mzazi wa Kimarekani anajua kusubiri dakika ya tisa. Wa kwetu hajui, na mara nyingi anatoka na furaha ambayo inakuja kuvunjika Mei, mwaka wa shule ukiisha.

Kwa hiyo usimuulize "anaendeleaje?" Swali hilo lina jibu moja dunia nzima. Muulize kama mtoto anasoma kwa kiwango cha darasa lake kwa wakati huu wa mwaka, ndiyo au hapana. Muulize alipata ngapi kwenye kipimo cha kusoma cha mwanzo wa mwaka, na ilitakiwa apate ngapi. Kisha omba kuona kazi yake, insha au karatasi ya hesabu, na karibu yake uone kazi ya kiwango kinachotakiwa, jina la mtoto mwingine likiwa limefunikwa. Ukiziona mbili hizo hutahitaji Kiingereza kingi.

Kwa mtoto anayejifunza Kiingereza kuna swali la ziada, na nalipenda kuliko yote: anakwama kwa sababu ya lugha, au kwa sababu ya somo? Mtoto anayejumlisha na kugawanya vizuri lakini anashindwa swali la maneno, shida yake ni nyingine kabisa na ya yule asiyejua kugawanya. Wakichanganywa, mmoja anapewa dawa ya mwenzake. Shule inayopata fedha za serikali kuu kwa ajili hiyo inatakiwa kumwarifu mzazi ndani ya siku 30 tangu mwaka uanze kwamba mtoto amewekwa kwenye programu ya Kiingereza, yuko kiwango gani, na kwamba mzazi ana haki ya kukataa. Ukiwa na barua hiyo, njoo nayo mkononi. Binafsi sishauri kukataa programu, ila nashauri kuuliza mtoto anakosa somo gani anapotolewa darasani kwenda huko. Kama kila siku anakosa sayansi, sema.

Halafu muulize wewe ufanye nini nyumbani. Ukijibiwa muongee Kiingereza, mshukuru mwalimu, kisha endelea na Kiswahili chako. Mtoto anayesimuliwa hadithi nzima, yenye kisa na sababu na mtu aliyekosea akaadhibiwa, anaingia darasani akiwa na mawazo kichwani. Kiingereza cha kuungaunga cha baba aliyechoka hakimpi hayo.

Linaloniudhi kuliko yote katika msimu huu ni mtoto wa darasa la nne kukalishwa katikati ya mama yake na mwalimu, akitafsiri habari zake mwenyewe. Mwalimu anasema sentensi tano, mtoto anatoa moja: "Anasema niko sawa." Mama anajua kuna kitu kimepotea njiani lakini hana pa kukishika. Simlaumu mtoto. Mshtakiwa gani anapewa kazi ya kujisomea hukumu?

Shule inatakiwa kuleta mkalimani, bila malipo kwako. Msingi wake ni Sheria ya Haki za Kiraia ya 1964, inayokataza ubaguzi kwa sababu ya asili ya mtu popote penye fedha za serikali kuu, pamoja na hukumu ya Mahakama ya Juu ya 1974, Lau dhidi ya Nichols, kesi ya watoto wa Kichina wa San Francisco waliofundishwa kwa lugha wasiyoielewa. Mwaka 2025 Washington ilitangaza Kiingereza kuwa lugha rasmi, na wizara ya elimu ya huko ikauondoa mwongozo wa 2015 uliofafanua wajibu wa shule kwa wanaojifunza Kiingereza. Tangu hapo nimesikia watu wakiambiana kanisani kwamba ukalimani umefutwa. Haujafutwa. Amri ya rais na mwongozo wa wizara haviwezi kuifuta sheria iliyopitishwa na Bunge.

Omba mapema, wiki moja kabla au zaidi, na taja lugha yako yenyewe. Kuna ofisi zinazoamini kila Mkongomani anaongea Kifaransa, na mtu wa Fizi anajikuta kwenye simu na mkalimani wasiyeelewana hata salamu. Kama Kiswahili cha mkalimani ni cha Mombasa na chako ni cha Bukavu, mwambie apunguze mwendo, mtafika. Ujumbe wa kwenye simu unaotafsiriwa na mashine unatosha kujua siku ya picha. Hautoshi kupokea habari kwamba mtoto yuko nyuma mwaka mzima.

Shule nazo zisikwepe. Sheria kuu ya elimu ya 2015, ile ESSA iliyotiwa saini na Obama, inazitaka shule za msingi zilizo kwenye mpango wa Title I, yaani fedha za serikali kuu kwa shule zenye watoto wengi wa familia zenye kipato kidogo, kufanya mkutano wa mwalimu na mzazi angalau mara moja kwa mwaka. Tamasha la maboga halimo. Wilaya ya shule inayopata zaidi ya dola 500,000 za mpango huo inapaswa kutenga angalau asilimia 1 kwa ajili ya kushirikiana na familia, na wazazi wana haki ya kusema zitumikeje. Sheria hiyohiyo inataka mikutano iwekwe saa tofauti, asubuhi au jioni, na inaruhusu fedha zilipie usafiri, mtu wa kuangalia watoto wadogo, hata mwalimu kuja nyumbani. Ni wazazi wangapi wa Kiswahili wamewahi kukaa kwenye kikao cha kuamua asilimia hiyo inakwenda wapi? Mimi kila nikiuliza, watu wananitazama.

Badala yake shule inahesabu majina kwenye karatasi ya mahudhurio ya tamasha, kisha inasikitika kwamba familia za Kiafrika hazishiriki. Baba aliyetoka kazini saa saba usiku, akaamka saa kumi na mbili kumsindikiza mtoto kituo cha basi kungali giza, halafu akarudi kulala, hayumo kwenye karatasi hiyo. Mpigieni kwa mkalimani saa mbili kasoro robo asubuhi, kabla kengele haijalia, mtampata.

Maboga yenyewe sina ugomvi nayo. Kama huna shifti, nenda, peleka sambusa, zitaisha kabla ya keki yoyote. Shule nyingi huliita tamasha la msimu makusudi ili lisifungwe na Halloween, na mwenye dini inayomzuia anaweza kumwambia mwalimu mapema, mtoto akapewa kazi nyingine bila kelele.

Ukikosa siku uliyopangiwa, piga simu kwa karani wa ofisi, taja jina la mtoto na la mwalimu, sema unaomba saa nyingine na mkalimani wa Kiswahili. Usisubiri mkutano wa majira ya kuchipua, ni mbali. Na kama umepewa tarehe ya baada ya Jumapili ya kwanza ya Novemba, kumbuka saa hurudishwa nyuma alfajiri ya siku hiyo. Simu itajibadilisha yenyewe, ya ukutani hapana.