Mfuko wa 2,500 na mahindi yaliyouzwa yangali mabichi

Kila Machi, nje ya ghala la Bodi ya Nafaka na Mazao mjini Kitale, utakuta foleni ya watu waliofika alfajiri, simu mkononi, wakingoja vocha iliyoingia kwa ujumbe mfupi igeuke mfuko wa mbolea. Na kila Machi kuna anayeuliza kutoka Nairobi: mlipa ushuru atamnunulia mkulima mbolea mpaka lini?

Swali ni halali. Ruzuku ya mbolea ya Malawi, iliyoanza 2005, ilifika mahali ikameza zaidi ya nusu ya bajeti ya wizara ya kilimo. Yetu ya Kenya nayo hufuata ekari, kwa hiyo mwenye shamba kubwa hubeba mifuko mingi kuliko jirani yake wa ekari moja. Wenye maduka ya pembejeo nao wana kilio chao: nani atanunua kwao kwa bei kamili?

Ila hesabu ya Nairobi huanzia ghalani. Ya Trans Nzoia, kaunti yenye mji wa Kitale, huanzia Januari, karo inapolipwa na pesa za mavuno kuisha. Mwaka 2022 mfuko wa kilo 50 ulikuwa karibu shilingi 6,500. Septemba mwaka huo serikali ya Ruto ikaushusha hadi 3,500, na Agosti 2023 hadi 2,500. Tuseme ekari ya mahindi inatiwa mfuko mmoja wa kupandia na mmoja wa kukuzia. Kwa bei ya zamani ni 13,000. Kwa ruzuku ni 5,000. Mwenye ekari mbili anabaki na 16,000 ambazo kwa kweli hakuwa nazo.

Nasema hakuwa nazo kwa sababu mjini pesa hizo huonekana kama zawadi. Asiyekuwa nazo alipanda kwa nusu mfuko, na kufikia Juni mahindi yake yalikuwa ya manjano utadhani yameugua. Au alimwendea broka. Broka haombi hati wala mdhamini. Anasimama ukingoni mwa shamba, anakadiria kwa macho, anataja bei ya magunia ambayo bado ni majani. Novemba anakuja na pikapu. Bei ikipanda Mei, anayefaidi ni yeye, na mkulima wakati huo ananunua unga dukani kama mtu wa mjini. Elfu kumi na sita zinamwondoa broka shambani kwa msimu mmoja. Sijaona wakosoaji wakiliweka hilo kwenye mizani.

Kashfa ya 2024 siitetei. Mbolea ghushi ilipita katika maghala yaleyale ya serikali, na ilimuumiza zaidi yule mwenye msimu mmoja tu kwa mwaka. Mei wabunge walipiga kura kumwondoa Waziri wa Kilimo Mithika Linturi. Kamati teule ya bunge ikamwondolea lawama. Mahindi yalikuwa yameshapandwa.

Kuna pingamizi jingine ninalolikubali bila kinyongo. Mashamba mengi ya huku yana udongo wenye asidi, na DAP, mbolea ya kupandia, ikitiwa mwaka baada ya mwaka huizidisha. Chokaa ya shambani inahitaji ruzuku kama mbolea, pengine kuliko mbolea. Na wenye maduka wana hoja: mwaka 2020 serikali ilijaribu vocha za kuchukulia pembejeo kwao, na sioni kwa nini isirudie. Mtu wa Endebess anayefuata mfuko Kitale hulipa nauli yake, kisha hulipia mfuko nafasi yake kwenye matatu, kisha bodaboda kutoka barabarani hadi nyumbani. Hiyo si 2,500 tena.

Kisha kuna tarehe. Vocha ikichelewa na mfuko ukafika wiki ya tatu ya Aprili, jirani aliyenunua dukani kwa bei kamili tayari anapalilia.