Nani Aliamua Kilimani Iwe Orofa Nne?

Ukipita mtaa wa Kilimani, Nairobi, leo, shingo itakuuma kwa kutazama juu. Orofa kumi na tano, ishirini, na kreni bado zinazunguka. Sasa tafuta mwongozo wa ujenzi wa jiji la Nairobi wa mwaka 2004, ule unaoligawa jiji kwa kanda. Kilimani na Kileleshwa zimo katika kanda ya nne, na humo fleti zinaruhusiwa hadi orofa nne basi. Mwongozo wenyewe wengi wetu tuliupata kama nakala iliyoskaniwa, inayorushwa kwenye WhatsApp na wasanifu majengo.

Niseme mapema kwamba sililii orofa nne. Sensa ya 2019 ilihesabu watu 4,397,073 Nairobi, na wengi wao ni wapangaji. Mahali palipo karibu na kazi, hospitali na barabara nzuri ndipo panapofaa kujengwa kwenda juu. Kinachonikera ni kwamba kikomo kilibaki karatasini, majengo yakakipita mara nne au tano, na mwananchi wa kawaida hana pa kusoma ni nani aliruhusu, lini, na kwa sababu gani.

Utaratibu upo. Mwenye ploti anaomba kubadilishiwa matumizi, tangazo linabandikwa getini na jingine linachapishwa gazetini kwa herufi za kutafutwa na miwani. Jirani mwenye wakili anapinga. Halafu uamuzi unatoka, na sababu zake zinabaki kwenye faili. Vibali vinaombwa mtandaoni kwa zaidi ya miaka kumi sasa, lakini mfumo ulitengenezewa mwombaji. Mpangaji hayumo. Katika hali hiyo, mwenye mtaji na mawakili anapata njia ya kufika orofa ya ishirini, na aliyerithi ploti ndogo akitaka kujenga bedsita, vyumba vya kupangisha, za orofa sita anasomewa kanda ya nne neno kwa neno. Mwenye nguvu mpishe.

Na mistari hii ya kanda ina historia. Wakati wa ukoloni, Wazungu walipewa ploti kubwa upande wa magharibi, penye miti na hewa, Wahindi wakawekwa Ngara na Parklands, na Waafrika wakasukumwa Eastlands, upande wa mashariki, katika vyumba vya kubanana. Uhuru ulipokuja rangi ikaondoka kwenye sheria, ukubwa wa ploti ukabaki. Karen, mtaa wa matajiri, hadi leo inalindwa na kanuni za ploti kubwa, na ekari hata nusu tu huko mwalimu wa shule ya msingi ataisikia kwenye matangazo ya redio.

Watetezi wa kanuni hizo wana hoja, tena nzito. Penye tangi la choo badala ya bomba la majitaka, huwezi kurundika familia themanini. Wakazi wa Kilimani wanaonunua maji ya bowza, yale ya malori, wanajua ninachosema. Basi hoja hiyo iandikwe mahali pa wazi: bomba la mtaa huu linabeba kiasi gani, lilipimwa lini, na likipanuliwa kikomo kitapanda hadi wapi. Kikomo kisicho na sababu iliyoandikwa hakina pia siku ya kuondolewa, na wenye nyumba tayari wanalijua hilo vizuri sana.

Asiyeitwa kwenye mabishano haya ni yule ambaye angeishi kwenye nyumba ambayo haikujengwa. Yeye yuko Pipeline au Tassia, mitaa ya Eastlands, ambako hakuna anayeuliza kanda. Mwaka 2016 jengo la orofa liliporomoka mtaa wa Huruma na kuua watu zaidi ya hamsini, na baadaye ikasemwa kwamba lilikuwa limeshatiwa alama ya kubomolewa. Wapangaji walikuwa wakilipa kodi kila mwezi. Usiri huu ambao Kilimani unamfaidisha mwekezaji, kule unazika watu.

Kifungu cha 35 cha Katiba kinatupa haki ya habari, na sheria ya 2016 inaitaka ofisi ya umma ijibu ombi ndani ya siku 21. Lakini kwa nini niandike barua kuuliza jambo linaloweza kuwa kwenye ramani? New York wana ramani ya mtandaoni iitwayo ZoLa: unabonyeza ploti yoyote, unaona kanda yake. Kodi za nyumba huko bado ni za kutisha, sikudanganyi. Ila wanapogombana, wanagombania jambo ambalo pande zote zimelisoma.

Ninachotaka Nairobi ni hiki: kila ploti, kikomo chake na sababu yake, na kila aliyeruhusiwa kukipita, pamoja na sahihi ya aliyeruhusu. Kaunti ikiita tena wananchi watoe maoni kuhusu mipango ya jiji, muulizeni mwakilishi wadi mtaa wenu uko kanda ya ngapi. Muulizeni kabla soda hazijagawiwa.