Presha wapimiwe mwaloni, sio kuwasubiria zahanati

Mama yangu mdogo anauza dagaa mwalo wa Kibirizi hapa Kigoma. Juzi nikamuuliza, mama mdogo, mara ya mwisho kupima presha lini? Akahesabu kwa mtoto: "Nilipokuwa na mimba ya kitinda mimba, ndo walikuwa wananifunga ule mpira mkononi." Huyo kitinda mimba ana miaka 19. Kijana wa bodaboda aliyekuwa anamshushia mzigo akadakia, mimi hata sijawahi.

Nimelifikiria sana hilo. Wanawake wanapimwa kwa sababu ya mimba, uzazi ukiisha na kipimo kimeisha, ila kuli wa bandarini au bodaboda wa Mwanga hana kitu chochote cha kumfikisha kwenye kipimo mpaka siku aanguke. Na presha ya kupanda haina hodi jamani, mtu anatembea na 170 kwa 100 anabeba magunia kama kawaida, kichwa hakiumi, kizunguzungu hana, alafu asubuhi moja mdomo umeenda upande na mkono haunyanyuki, watu wanaanza kusema karogwa.

Tunapenda kusema hawa watu hawajali afya zao. Sio kweli, tunawaonea. Mama mdogo anawahi mitumbwi alfajiri, ananunua, anaanika, anageuza, na mvua ikimkuta yuko foleni ya zahanati mtaji wote umeoza. Hana likizo wala bosi wa kumuomba ruhusa.

Sasa mbona dagaa wenyewe wana ratiba? Wanavuliwa kwa taa usiku wa giza, mbalamwezi ikikolea wavuvi wanapumzika na mwalo unapoa. Siku hizo ndo muuguzi aje na mashine yake, akae pale pale kwenye vichanja, watu wana muda wa kusikiliza. Mtu apumzike kwanza dakika 5, asipimwe katoka kushusha gunia, na akikutwa 140 kwa 90 au zaidi asitishwe, aambiwe arudie siku nyingine ndo ijulikane.

Na elimu yenyewe iongelee chakula chetu, hasa chumvi, maana ikizidi ndo inapandisha presha. Kiwango cha chumvi kwa mtu mzima ni chini ya gramu 5 kwa siku, yani kama kijiko kimoja cha chai, na hapo umeshahesabu iliyomo kwenye supu, kwenye migebuka ya chumvi, kwenye mchuzi, kila kitu. Usijidanganye kwamba chumvi ya Uvinza ni ya kwetu kwaiyo haina neno, chumvi ni chumvi. Mimi ningeanza na mama ntilie kabla ya mtu yeyote, sababu sufuria lake moja linalisha kijiwe kizima, akipunguza chumvi jikoni na akaondoa kikopo mezani kasaidia watu wengi kuliko bango la ukutani.

Kingine kinachoniuma ni vidonge vya presha. Mtu anameza mwezi mmoja, anajisikia safi, anaacha, wakati hicho kidonge ndo kilichoishusha.

Nimeshaongea na muuguzi mmoja jirani yetu, kakubali kuja mbalamwezi ijayo. Mama mdogo kasema jamvi na kivuli atatoa yeye, ila apimwe wa kwanza.