Mgao wa umeme umenifuata mpaka Toscana

Mwaka juzi mama watoto akaja na wazo, kwa vile tuko hapa Ujerumani basi kiangazi twende Italia, vijijini kule Toscana karibu na Siena, tukakae wiki. Yeye kashachagua villa kabisa, ina bwawa la kuogelea na miti mirefu myembamba imepanga foleni, ila wanakodisha Jumamosi kwa Jumamosi, usafi unalipia mbali, nikapiga hesabu nikaona hii sio likizo tena hii ni mahari ya pili. Mi nikapata agriturismo, yaani unalala shambani kwa mkulima, na sheria yao inataka liwe shamba kweli, sio mtu kaning'iniza jembe ukutani. Nusu bei!

Mama mkwe alikuwa kaja kututembelea kutoka Kibosho. Akaniuliza taratibuu, "Baba, nimetoka shamba nikapanda ndege, halafu unanilipia shamba?"

Nikajifanya natafuta chaja.

Basi siku ya tatu, giza linaanza kuingia, oveni ina kuku, mashine ya kufua inazunguka, mama mkwe kawasha birika la chai, mi niko bafuni povu kichwa kizima. Pah! Giza, na maji nayo yakakata maana yanasukumwa na pampu. Kumbe nyumba nyingi Italia mita yake ni kilowati 3 tu, ukizidisha inajizima yenyewe, na mita yetu ilikuwa kwenye kiboksi mwisho wa njia ya changarawe, jirani na banda la mabata bukini.

Nikapapasa gizani nikajifunga kitu nikidhani taulo, nikatoka peku, macho yanawasha. Nimefika kwenye mita, nikanyanyua swichi, taa zikawaka nyumba nzima na hapo ndo nikajiona, nimevaa kanga ya mama mkwe, huku nyuma imeandikwa MGENI NJOO MWENYEJI APONE. Na mabata bukini nao wakaniona. Aisee yule ndege ana roho mbaya! Nikakimbia nikizunguka mzeituni, mkono mmoja umeshika kanga, wageni wengine barazani wanapiga makofi.

Akatoka mama mkwe na mwiko, akasema neno moja tu la Kichaga. Mabata yote yakanyooka bandani.

Mpaka leo tukiongea kwenye simu namsalimia haraka haraka nampa mwanae. Ile kanga hajawahi kuiulizia.