Chanjo ya kunywa dhidi ya bakteria wa tumbo bado haijashindwa

Wanaosema chanjo ya Helicobacter pylori, bakteria anayesababisha vidonda vya tumbo, ni kupoteza fedha wana hoja nyepesi kushika: mwenye vidonda vya tumbo apimwe, apewe klarithromaisini, amoksilini na dawa ya kupunguza asidi kwa siku 14, basi. Wanakumbusha pia chanjo ya sindano yenye protini tatu za bakteria huyo: CagA, VacA na NAP. Matokeo yake ya 2018 yalionyesha kingamwili zilipanda kwa watu wazima wa Ujerumani, lakini waliponyweshwa bakteria wenyewe haikuwakinga.

Yote kweli. Ila tiba haimlindi mtoto anayerudi kwenye nyumba ile ile yenye maambukizi, na usugu kwa klarithromaisini unaongezeka. Tena iliyoshindwa ni ya sindano.

Ya kunywa ilijaribiwa China: UreB, kipande cha ureasi, kimeng'enya cha bakteria huyo, kikaunganishwa na LTB, sehemu isiyodhuru ya sumu ya bakteria E. koli. Watoto 4,464 wa miaka 6 hadi 15, wasio na maambukizi, waligawanywa makundi mawili. Mwaka wa kwanza waliambukizwa 14 waliochanjwa na 50 waliopewa chanjo bandia, yaani ulinzi wa asilimia 71.8. Asilimia hiyo hunukuliwa bila kufunguliwa. Kwa hesabu hiyo huchanjwa watoto kama 58 ili kumwepusha mmoja kwa mwaka. Pakiwa na maambukizi mapya mara mbili ya hayo, na chanjo ikashika vile vile, wanatosha 29. Linalotia wasiwasi ni umri: katika nchi nyingi za Afrika watoto wengi huambukizwa kabla ya kuingia skuli, na chanjo ya miaka 6 itawakuta wamechelewa. Ulinzi nao ulipungua baada ya mwaka wa kwanza.

Ugumu mwingine umo maabara. Protini hii iliyounganishwa hutengenezwa na bakteria waliopandikizwa jeni yake. UreB ina uzito wa kilodaltoni 62 hivi, LTB 12 tu. Jeni ikisukumwa kwa nguvu kwenye nyuzi 37, protini hujikunja vibaya na kuganda mabonge. Joto huteremshwa hadi nyuzi 16 au 20, usiku kucha. Mabonge yakibaki huyeyushwa kwa yurea ya mola 8, kisha yurea huondolewa taratibu. Kwa pupa, protini huganda upya. Na mstari safi kwenye jeli, kipimo kinachoonyesha ukubwa wa protini tu, hautoshi. LTB hushika ukuta wa utumbo zikikaa tano tano, na mzigo wa UreB unaweza kuzizuia zisikutane. Lazima ipimwe kama bado inashika GM1, molekuli ya ukuta wa utumbo ambayo LTB hujishikiza. Kipimo hicho kikirukwa, panya wa majaribio hunyweshwa protini isiyoshika kitu na wazo zima huhukumiwa bure.

Chanjo ya namna hii si ngeni visiwani Zanzibar. Mwaka 2009, Unguja na Pemba, karibu watu 24,000 walikunywa dozi mbili za chanjo ya kipindupindu yenye sehemu B ya sumu ya kipindupindu, protini iliyotengenezwa kwa kupandikiza jeni, na ndugu wa karibu wa LTB. Ilikinga kwa asilimia 79. Wauguzi walishajua bikaboneti ya kutuliza asidi na kutokula saa moja kabla na baada. Chake Chake, Pemba, ipo Maabara ya Afya ya Jamii Ivo de Carneri. Pa kuanzia ni kupima antijeni, yaani chembe za bakteria huyo, kwenye choo cha watoto wa mwaka 1 hadi 5, ili umri wa kuchanja utokane na watoto wa Pemba wenyewe.