Kocha Kashinda, Watu Wamenuna

Jumamosi timu ya hapa, Ohio State, ya mpira wa Kimarekani, imeshinda kwa pointi ishirini na kitu. Leo Jumatatu, kwenye chumba cha mapumziko pale ghalani, watu wamenuna. Eti kocha hafai. Eti kampuni za kamari zilisema atashinda kwa thelathini na moja, sasa hizo zilizobaki kazipeleka wapi? Jamani! Mimi mtu mzima na heshima zangu, nina dakika thelathini za kula, nataka nile kwa amani. Naulizwa kama huyo kocha, Ryan Day, afukuzwe au aachwe. Kwani nimemwajiri mimi?

Ukiishi Columbus, Ohio, hilo swali hulikwepi. Daktari wa meno anakuuliza umeachama. Fundi wa hita anakagua kwanza rangi ya fulana yako ndipo afungue boksi la vifaa. Na ikifika wiki ya kucheza na mahasimu wao Michigan, herufi M zote pale Chuo Kikuu cha Ohio State zinabandikwa alama ya X kwa utepe mwekundu, hata za vibao vya majengo. Shemeji yangu Mwajuma anasoma pale. Wiki hiyo hatujui tumwiteje.

Lakini hao wote nawasamehe. Asiyesameheka ni Baba Pendo.

Baba Pendo ni mtu wa Kigoma, na alipofika Marekani mpira wa kule alikuwa anauita vita ya mayai. Sasa ana jezi tatu. Amekuja mezani kwangu, hakusalimu, akasema, "Kaka, huyu mtu hajabadilika. Bado ni yule yule wa Novemba 30, 2024." Nikamwambia Baba Pendo, huo mchezo wa kufungwa na Michigan ulishapita, tena baada yake mtu kachukua ubingwa wa taifa. Akasema hapana, wewe hukuelewa kilichotokea, ngoja nikuonyeshe. Akavuta hotpoti langu.

Ugali wangu wa dona, ambao nimeusonga saa kumi alfajiri, akausukuma katikati ya mfuniko. "Huyu ni Mason Graham na Kenneth Grant, ukuta wa kati wa Michigan. Wamechukuliwa wote wawili raundi ya kwanza, timu za kulipwa zilipochagua vijana wa vyuo. Grant peke yake ni kilo mia na hamsini." Nikautazama ugali wangu kwa heshima mpya. Mbele ya ugali akapanga dagaa watano: safu ya Ohio State ya kumkinga mrusha mpira. "Hesabu vizuri. Josh Simmons, huyu wa pembeni kushoto, aliumia Oktoba dhidi ya Oregon." Akamla. "Seth McLaughlin, wa kati, anayeanzisha mpira, akaumia Novemba mazoezini." Akamla na huyo. Akamsogeza dagaa wa ndani ampeleke pembeni kushoto, akadokoa mwingine kwenye hotpoti amweke kati, wa tatu akamtia mdomoni bila kutaja jina. Huyo nadhani hakuwa majeruhi.

"Sasa sikiliza. Safu yako imeraruka katikati. Adui yako katikati ni ugali. Pembeni huku una Jeremiah Smith na Emeka Egbuka, wapokeaji hakuna mfano." Hao walikuwa kidau cha chumvi na kipakiti cha tomato. "Mtu mwenye akili anaurushia wapi mpira?"

Nikasema, pembeni.

"Pembeni! Wewe msukuma mkokoteni umejua! Wao wakakimbia katikati!" Akachukua kijiko changu, akakitumbukiza kwenye ugali. Kikanasa. Akakichomoa, akakitumbukiza tena. "Mara 26 walikimbia na mpira, wakapata yadi 77. Yadi tatu, tatu! Michigan imekuja imeshinda michezo 6 na kupoteza 5, kampuni za kamari zimeipa karibu pointi 20 za huruma, inaondoka na 13-10!" Kila yadi tatu kijiko kinashuka. Ugali umekuwa shimo. Watu wamesimama kutazama, mmoja anapiga picha.

Kinachoniudhi ni kwamba pale kwenye ugali alikuwa sahihi. Ukiwa na wapokeaji kama wale na safu ya akiba, kukimbilia katikati ni kiburi. Shida inaanza anapohama kwenye mchezo kwenda kwa mtu. Nikamkumbusha: siku ile mpigaji alikosa milingoti mara mbili, kila moja ni pointi 3, na tofauti ilikuwa pointi 3. Akasema kosa la kocha. Mrusha mpira alirusha mara mbili adui akaunyaka. Kosa la kocha. Nikasema mwaka ule Day alishamkabidhi msaidizi wake Chip Kelly kazi ya kupanga mipira ya ushambuliaji. Akanijibu bila kupepesa: "Wakishinda, ni Kelly. Wakifungwa, nani alimwajiri Kelly?"

Sheria zake ndizo hizo. Jaribio la nne, la mwisho, zimebaki yadi mbili ili timu ibaki na mpira: kocha akiamua kuzitafuta na akazipata, jasiri; akizikosa, ana majivuno; akiupiga mpira mbali, mwoga. Robo ya mwisho akiwatoa nyota wake, kaua moto wa timu. Akiwaacha na mmoja akavunjika, hana utu.

Hebu muone huyo "mjinga" wao. Baada ya siku ile alimpiga Tennessee 42-17, Oregon 41-21, Texas 28-14 na Notre Dame 34-23, ubingwa Januari 20, 2025. Ujinga wake ulidumu siku 51. Waliotaka afukuzwe ndio waliopanga foleni ya fulana za ubingwa. Novemba 2025 akaenda kwa Michigan akashinda 27-9, wiki moja baadaye akafungwa na Indiana 13-10, msamaha ukaisha.

Na hawajaanza leo. Earle Bruce, kocha wa zamani wa Ohio State, alimaliza misimu sita mfululizo kwa 9-3, yaani kushinda 9 na kupoteza 3, wakambandika jina la hesabu hiyo kama tusi. Mwaka 1987 wakamfukuza Jumatatu, Jumamosi wachezaji wake wakafunga vitambaa vya jina lake kichwani, wakamfunga Michigan 23-20. John Cooper alishinda michezo 111 pale, lakini kwa Michigan 2, sare 1, kapoteza 10. Mtaje uone watu wanavyotema mate. Chuo cha Nebraska walimwondoa kocha wao Frank Solich mwaka 2003 ana 9-3, eti timu isizoee ukawaida. Mwaka uliofuata 5-6. Ukawaida wenyewe sasa wanautafuta kwa tochi.

Msinicheke na nyinyi wa Kariakoo. Robertinho alifungwa 5-1 na Yanga Novemba 5, 2023. Siku mbili mbele Simba haina kocha.

Tofauti ni pesa. Texas A&M walipomtimua kocha wao Jimbo Fisher Novemba 2023, mkataba ulidai alipwe zaidi ya dola milioni 75, na hata akipata kazi kwingine hakatwi. Makocha wengine mkataba unasema ukiajiriwa tena, mshahara mpya unapunguza deni. Fisher hata hilo hakuwekewa. Mimi hapa nikifukuzwa nanyang'anywa beji na fulana ya kuakisi mwanga. Day kupata dola milioni 12.5 kwa mwaka halafu asitukanwe na Baba Pendo, hapo kweli nami nakataa. Atukanwe kidogo. Ila asitukaniwe kwenye chakula changu.

Halafu hizi siku za mchezo. Watu zaidi ya laki moja uwanjani, basi linazungushwa, barabara zimefungwa, unatembea. Unapitia wapi? Barabara ya Woody Hayes! Kocha wa Ohio State aliyempiga ngumi mchezaji wa Clemson mwaka 1978 mbele ya televisheni, akafukuzwa kesho yake, ndiye mwenye barabara. Cooper wa watu, mpole, hana hata kichochoro.

Na ratiba ya Jumamosi ya Michigan imeshabandikwa. Inaangukia baada ya Sikukuu ya Shukrani, mizigo ndiyo inafurika, msimamizi anataka watu kumi na wawili, wagonjwa watakuwa kumi na mmoja. Baba Pendo hatakuwa mgonjwa, yeye ameomba ruhusa ya msiba. Bibi yake kafariki tena.